Kreni, meza ya watu 23 na neno "na"

Jumamosi ya tarehe 15 Machi 2008, mafundi walikuwa wakiirefusha kreni ya mnara iliyosimama ubavuni mwa jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa East 51st, Manhattan, New York. Kreni za aina hii hukua pamoja na jengo. Ghorofa zikipanda, mnara nao huongezwa vipande, na kila ukifika kimo fulani hushikizwa kwenye jengo kwa pingu kubwa ya chuma. Siku ile pingu yenye uzito wa zaidi ya tani 5 ilikuwa ikining'inia kwenye mikanda ya nyuzi, ikingoja kufungwa. Mikanda ikakatika. Pingu ikateremka kwa kishindo, mnara ukapoteza mshiko, kreni ikalalia majengo ya jirani. Wakafa watu 7, wafanyakazi 6 na mgeni mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba isiyohusiana kabisa na ujenzi huo.

Siku 10 baadaye kipande cha kreni ya mnara kilianguka Miami na kuua wawili. Tarehe 30 Mei ikaanguka kreni nyingine New York, mtaa wa East 91st, wakafa wawili. Julai, Houston, kreni kubwa ilianguka kiwandani na kuua wanne.

Miezi yote hiyo, huko Washington, palikuwa na maandishi kamili ya kanuni mpya za kreni katika ujenzi. Hayakuwa mapendekezo ya mtaalamu mmoja. Yalikuwa maandishi ambayo watengenezaji wa kreni, wakodishaji, wakandarasi, vyama vya wafanyakazi, watu wa umeme, watu wa bima na serikali yenyewe walikuwa wamekaa karibu mwaka mzima wakiyabishania sentensi kwa sentensi, hadi wakakubaliana. Walimaliza tarehe 9 Julai 2004. Pingu ilipoanguka pale Manhattan, muafaka ule ulikuwa umekaa miaka mitatu na miezi minane bila hata kutangazwa kama rasimu rasmi.

Sisemi kwamba kanuni ile ingeokoa watu wa East 51st. Hakuna anayeweza kuapa hivyo. Ninachotaka kukieleza ni jinsi chombo kilichobuniwa ili serikali itunge kanuni haraka na kwa amani kilivyofanya kazi yake vizuri, kisha kikakwama mahali ambapo wabunifu wake hawakupaangalia.

Wakala wa serikali unaotunga kanuni hizo za usalama kazini unaitwa OSHA. Msomaji wa Tanzania asichanganye, nasi tunayo OSHA yetu, lakini hii ni ile ya Marekani, iliyo chini ya Wizara ya Kazi ya huko. Kanuni zake za kreni kwenye ujenzi zilianza kutumika mwaka 1971 na zilijengwa juu ya viwango vya sekta vya mwaka 1968. Fikiria gari lililotungiwa sheria mwaka huo na leo bado linaendeshwa kwa sheria ileile. Katika miaka 30 iliyofuata kreni zilibadilika mno. Ilikuja mikono inayorefuka kwa nguvu ya mafuta, zikaja kompyuta za kumwambia mwendeshaji mzigo umefikia wapi, minara nayo ikapanda kuliko zamani. Kanuni zikabaki palepale.

Vifo havikusubiri. Utafiti mmoja uliopitia kumbukumbu za OSHA za mwaka 1984 hadi 1994 ulihesabu watu 502 waliokufa katika ajali za kreni kwenye ujenzi wa Marekani. Kilichoua zaidi hakikuwa kreni kuanguka, kama wengi tunavyodhani. Ilikuwa umeme. Asilimia 39 ya vifo vile vilitokana na mkono wa kreni, waya wake au mzigo wake kugusa laini ya umeme.

Mwaka 1998 kamati ya kudumu inayoishauri OSHA kuhusu usalama wa ujenzi iliunda kikundi cha kutazama suala hili, na Desemba 1999 ikashauri kwamba kanuni zipitiwe upya kwa majadiliano. Neno hilo lina maana mahususi katika sheria za Marekani, na hapa inafaa tusimame kidogo.

Kwa kawaida wakala wa serikali ya Marekani huandika rasimu ofisini, huitangaza katika gazeti la serikali, hupokea maoni kwa maandishi, pengine hufanya kikao cha kusikiliza watu, kisha hutoa kanuni. Anayeona ameumizwa hukimbilia mahakamani. Kwa kuwa kila mtu anajua mwisho ni mahakama, kila mtu hupeleka maoni ya kivita. Anadai asilimia mia ili apate hamsini, na anaficha yale anayoweza kuyaachia. Mwaka 1975 Waziri wa Kazi John Dunlop, mchumi aliyezoea usuluhishi kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi, alianza kusema kwamba watu wanaoguswa na kanuni waketi wakajadiliane kama wanavyojadiliana mishahara. Mwaka 1982 mwanasheria Philip Harter aliliwekea wazo hilo mifupa. Mwaka uliofuata wakala wa usafiri wa anga ukalijaribu kwa saa za kazi za marubani. Mwaka 1990 Bunge la Marekani likalitungia sheria, na mwaka 1996 sheria hiyo ikafanywa ya kudumu.

Kiini chake ni rahisi. Wakala huchagua suala ambalo makundi yanayoguswa yanahesabika. Hutangaza nia yake na majina ya wajumbe inaowafikiria, ili anayeona kundi lake limesahauliwa apaze sauti mapema. Kamati haizidi watu 25 ila kwa sababu maalumu. Vikao vyake viko wazi kwa umma. Na rasimu haitangulii meza, inazaliwa mezani. Hiki si kile kikao cha wadau tunachokijua huku kwetu, ambapo kitabu cha kanuni kimeshapigwa chapa, bahasha za posho zimeshahesabiwa, na maoni yako yanaandikwa kwa kalamu ya risasi.

OSHA ilitangaza nia yake Julai 2002. Ikapokea majina, ikaorodhesha wajumbe Februari 2003, ikawauliza watu wana pingamizi gani, na Juni ikaitaja kamati ya mwisho yenye watu 23. Kikao cha kwanza kilifanyika tarehe 30 Julai 2003. Aliyeshika usukani alikuwa Susan Podziba, msuluhishi wa kujitegemea kutoka Massachusetts ambaye hakuwa mtu wa serikali wala wa kreni.

Ukitazama nani alikaa pale unaona kwa nini kazi ilikuwa nzito. Anayetengeneza kreni hataki kubebeshwa lawama za anayeitumia vibaya. Anayeikodisha anaipeleka kwenye saiti asiyoijua, aondoke, arudi kuichukua akitumaini bado imesimama. Mkandarasi mkuu anaimiliki saiti lakini hajui kreni. Mwendeshaji anajua kreni lakini hana mamlaka ya kusimamisha kazi bila kuhatarisha kibarua chake. Mwenye laini za umeme anaona kila ombi la kuzima umeme kama maelfu ya wateja gizani. Mtu wa bima analipa mwishoni. Wote wamewahi kukutana, lakini mara nyingi walikutana kizimbani.

Kabla ya kugusa jambo lolote la kreni walijadili maana ya kukubaliana, na kwangu hapo ndipo palipo na ufundi mkubwa kuliko kwingine. Wangesema kila mmoja lazima aridhike, mtu mmoja mwenye kinyongo angeweza kuwateka 22. Wangepiga kura ya wengi, makundi madogo yangejua yamealikwa kama mapambo. Wakaafikiana hivi: jambo limekubaliwa kama wanaolipinga, miongoni mwa wasio wa serikali, hawazidi wawili. OSHA yenyewe ilikuwa mjumbe, na bila yeye hakuna muafaka. Maana yake mtu mmoja peke yake hawezi kuzuia, wala wawili, lakini ukiwa na hoja ya kuwashawishi wengine wawili unaweza. Kanuni hiyo ndogo inamlazimisha kila mtu atafute rafiki upande asiouzoea.

Sehemu ya pili ya makubaliano ilikuwa ahadi za pande mbili. OSHA iliahidi kwamba kamati ikifika muafaka, maneno ya kamati ndiyo yatakayotangazwa kama rasimu rasmi. Wajumbe nao waliahidi kwamba hawatayapinga kwa maandishi maneno waliyoyakubali wenyewe, isipokuwa pale OSHA itakapoyageuza. Zile risasi za mahakamani zikawekwa mezani kwanza, ndipo mazungumzo yakaanza.

Vikao vilikuwa 11. Nitachukua mambo mawili tu kuonyesha walivyofanya biashara, maana ndiyo yaliyonishika.

La kwanza ni ardhi. Kreni huanguka kwa sababu nyingi, na moja ni ya aibu: ardhi iliyo chini yake inatitia. Chini kuna tangi la zamani, au bomba la maji taka, au shimo lililofukiwa juzi. Kanuni za 1971 hazikusema wazi ardhi ni mzigo wa nani. Mwenye kreni alikuwa akisema, mimi nimefika leo asubuhi, nitajuaje kilichofukiwa hapa mwaka jana? Mkandarasi mkuu akisema, mimi si mtaalamu wa kreni, nitajuaje inahitaji ardhi ngumu kiasi gani? Na kila mmoja wao, ukimsikiliza peke yake, ana haki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Suluhu waliyoipata inagawa ujuzi kwa aliye nao. Anayeidhibiti saiti, mara nyingi mkandarasi mkuu, lazima ahakikishe ardhi imeandaliwa inavyotakiwa. Lazima pia amweleze mtumiaji wa kreni na mwendeshaji wake hatari zilizo chini ya pale itakaposimama, ikiwa hatari hizo zimo kwenye nyaraka alizo nazo, kama michoro ya saiti na vipimo vya udongo, au anazijua kwa njia nyingine. Tazama mipaka hiyo. Hadaiwi kuchimba kutafuta asichokijua, ila hawezi tena kukalia mchoro halafu akadai hakuambiwa. Na mwendeshaji akiona ardhi haifai, mwajiri wake analazimika kwenda kuzungumza na mdhibiti wa saiti kuhusu marekebisho. Mwanasheria akiwa peke yake ofisini hawezi kuandika sentensi hiyo. Imeandikwa na mtu aliyewahi kuachiwa kreni iliyolala ubavu.

La pili ni umeme. Kanuni ya zamani ilisema ukae futi 10, yaani kama mita 3, kutoka laini ya hadi volti 50,000, na zaidi kidogo kwa laini kubwa. Haikueleza sana jinsi ya kuhakikisha. Mwendeshaji aliyeketi kwenye kibanda anaangalia waya uliosimama mbele ya anga jeupe, mkono wa kreni ukiwa mbali na jicho lake, na anatakiwa akadirie mita 3. Wengi walikadiria, na ndiyo maana ya ile asilimia 39.

Kamati haikupoteza muda kupigania namba. Futi 10 zilibaki katika jedwali. Kilichobadilika ni hatua zinazotangulia. Sasa kabla ya kazi kuanza sharti uulize: je, kreni ikinyooshwa hadi mwisho wake ndani ya eneo la kazi, sehemu yoyote yake, waya wake au mzigo wake unaweza kufika ndani ya futi 20, kama mita 6, za laini? Kwa laini za zaidi ya volti 350,000 ni futi 50. Jibu likiwa hapana, endelea na kazi. Likiwa ndiyo, chagua. Omba laini izimwe na kuunganishwa na ardhi mahali panapoonekana. Au kaa futi 20 bila kuingia ndani. Au nenda kwa mwenye laini, upate volti zake kamili, utumie jedwali. Anayechagua kukaribia laini lazima afanye kikao cha kupanga, atumie kamba za kuongozea mzigo zisizopitisha umeme, aweke alama zinazoonekana na mwendeshaji, kisha aongeze angalau kinga moja zaidi kutoka kwenye orodha, ambayo inaanzia kwenye ving'ora na vizuizi vya kielektroniki na inafika hadi mtu maalumu wa kusimama akitazama umbali bila kazi nyingine yoyote.

Mimi naisoma orodha ile kama alama ya biashara iliyofanyika. Mkandarasi mkubwa ananunua kifaa, mdogo anamlipa mtu asimame. Hakuna aliyeambiwa afunge duka. Kuna dhana moja ambayo haikuachwa kwa hiari ya yeyote: laini yoyote inahesabiwa kuwa hai mpaka mwenye laini athibitishe imezimwa. Hapo hapakuwa na orodha ya kuchagulia.

Na ikaja hoja ya waendeshaji. Marekani ilikuwa haidai, kwa nchi nzima, mwendeshaji wa kreni awe na cheti. Baadhi ya majimbo yalidai, mengine hayakujali. Kamati ilikubali kila mwendeshaji apimwe, kwa maandishi na kwa vitendo, kwa moja ya njia 4: taasisi huru iliyoidhinishwa, mpango wa mwajiri unaokaguliwa na mtu wa nje, jeshi la Marekani kwa watu wake, au leseni ya jimbo au mji. Cheti kiwe cha aina ya kreni na uwezo wake. Sentensi hiyo ikapita. Hilo neno "na" tutalirudia.

Tarehe 9 Julai 2004 kazi ikaisha. Watu 23 wenye maslahi yanayogongana, chini ya mwaka mmoja, kanuni nzima. Mtu akitaka mfano wa kuonyesha kwamba serikali inaweza kutunga kanuni pamoja na wanaotungiwa bila kuvunjiana heshima, achukue huu.

Kimya kikafuata.

Sababu za kimya hazina siri kubwa, na hapo ndipo zinapoudhi. Kamati ilikuwa imeandika maneno ya kanuni tu. Sheria za Marekani zinadai mengi zaidi. Ueleze kwa maandishi sababu ya kila kifungu, ukadirie gharama kwa kila aina ya biashara, uitishe jopo la wafanyabiashara wadogo, na ofisi ya bajeti ya Ikulu ipitie yote. Jopo la biashara ndogo lilikaa mwaka 2006, miaka miwili baada ya muafaka. Wafanyakazi wa kuandika walikuwa wachache na wakubwa wa wizara enzi hizo hawakuwa na haraka ya kutoa kanuni mpya. Rasimu rasmi ilitoka tarehe 9 Oktoba 2008, baada ya mazishi ya New York, Miami na Houston. Machi 2009 kikafanyika kikao cha hadhara. Kanuni ya mwisho ikachapishwa tarehe 9 Agosti 2010, ikichukua zaidi ya kurasa 250 za gazeti la serikali pamoja na maelezo yake, na ikaanza kutumika tarehe 8 Novemba mwaka huo. Ndani yake kilikuwemo kifungu kinachotaka mikanda ya nyuzi ilindwe dhidi ya kingo kali na mikwaruzo.

Sasa piga hesabu. Toka tangazo la nia hadi kanuni ilikuwa miaka minane na wiki chache. Mwaka 2012 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilipima kanuni za OSHA zilizotolewa kati ya 1981 na 2010, za aina zote, ikakuta wastani ni miaka 7 na miezi 9. Kwa maneno mengine, kanuni iliyojadiliwa kwa muafaka ilichelewa kuliko wastani wa kanuni zote. Kuna wasomi walioandika tangu miaka ya 1990 kwamba njia ya majadiliano haiokoi muda, wakabishiwa sana. Kisa hiki kinawapa hoja, lakini kwa namna ya ajabu, kwa sababu majadiliano yenyewe yalikula mwaka mmoja tu kati ya ile minane.

OSHA ilikadiria kwamba kanuni hiyo ingezuia vifo 22 na majeruhi 175 kila mwaka. Ni makadirio yao, si yangu. Kutoka muafaka hadi kanuni kuanza kutumika ni miaka sita na miezi minne. Hata ukiiachia serikali miaka miwili ya karatasi za lazima, zinabaki zaidi ya minne. Zidisha mwenyewe.

Ombwe hilo lilijazwa na wengine. Kaunti ya Miami-Dade ilijitungia masharti yake ya kreni za mnara na upepo wa vimbunga, wakandarasi wakaishtaki, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba kanuni za shirikisho zimeshalishika eneo hilo, kaunti iondoke. Yaani kanuni za 1971, zilezile ambazo kila mtu mezani alikuwa amekubali kwamba zimechakaa, zilikuwa na nguvu ya kutosha kuizuia kaunti isifanye vizuri zaidi.

Kesi dhidi ya kanuni mpya nazo zilikuja, ila chache na za kingo. Kampuni za umeme zililalamikia magari yao ya kuchimbia na kusimamishia nguzo, wakaafikiana na OSHA, na mwaka 2013 kifungu kikarekebishwa. Kampuni za reli zilikwenda njia hiyohiyo, marekebisho yao yakatoka mwaka 2020. Aliyeshambulia kiini cha kanuni hakuonekana. Kwa kipimo cha Dunlop, huo ni ushindi.

Mkwamo mkubwa ulitoka ndani, kwenye lile neno "na".

Kanuni ilisema cheti kiwe cha "aina na uwezo". Aina ni kama kreni ya mnara, au ya magurudumu yenye mkono wa kurefuka. Uwezo ni uzito inaoweza kunyanyua. Waendeshaji walipewa miaka minne, hadi Novemba 2014, wawe na vyeti. Ndipo watu walipoanza kusoma kwa makini. Taasisi kubwa ya kupima waendeshaji nchini ilikuwa ikitoa cheti cha aina peke yake. Vivyo hivyo mpango wa cheti wa chama cha waendeshaji. Taasisi nyingine zilikuwa zikiandika na uwezo. OSHA ikasema maneno ni maneno: cheti kisichotaja uwezo hakitoshi.

Ukikaa ukafikiri, hili ni jambo la kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Chama cha waendeshaji kilikuwa na wajumbe mezani mwaka 2003. Walikubali sentensi ambayo, ikisomwa kama ilivyoandikwa, ilifuta vyeti vyao wenyewe. Hawakuwa wajinga hata mmoja. Mle chumbani kila mtu alikuwa na picha kichwani ya kile kinachosemwa, na picha zilifanana kiasi kwamba hakuna aliyeuliza. "Aina na uwezo" ilisikika kama namna ya kawaida ya kuitaja kreni, kama tusemavyo jina na kabila.

Lilikuwepo la pili, zito zaidi. OSHA ilikuwa imeisoma kanuni kwamba cheti kikishapatikana, wajibu wa mwajiri kuhakikisha mtu wake anaweza kazi unakoma. Baadhi ya waliokuwa wajumbe wakaja juu. Sisi, walisema, hatukukusudia hivyo. Kwao cheti kilikuwa kama leseni ya udereva, inathibitisha kwamba umejua misingi, haikufanyi kuwa mtu wa kukabidhiwa basi la abiria 60 usiku wa mvua. Mwajiri bado alitakiwa amtazame mtu akifanya kazi, kwa kreni hiyo, kwa mzigo huo. Tatizo ni kwamba hilo lilikuwa kwenye kumbukumbu zao, na kanuni haikulisema.

Aprili 2013 OSHA iliwaita wadau wa tasnia tena, safari hii bila kamati rasmi wala sheria ya majadiliano, kuwasikiliza tu. Walichosikia kilikuwa karibu kauli moja: uwezo wa kreni kwenye cheti hauongezi usalama wa maana, na wajibu wa mwajiri usifutwe. Tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi Novemba 2017. Ikasogezwa tena hadi Novemba 2018. Wakati wote huo mwendeshaji aliyelipa ada, akafanya mtihani, akapewa kadi yake, hakujua kama kadi ile itamfaa mwakani.

Ninapokisoma kisa hiki najiuliza kwa nini kamati haikuwekewa njia ya kurudi kukaa. Chombo kilichotumia mwaka kufikia muafaka kilimaliza vikao vyake muafaka ulipotiwa wino, na baada ya hapo tafsiri ikabaki kwa maafisa ambao wengine hawakuwepo chumbani. Sheria ya 1990 ina maelezo marefu ya jinsi ya kuianzisha kamati. Kuhusu miaka inayofuata, pale maneno yanapoanza kuishi peke yake, haikuwapa wajumbe wale nafasi yoyote. Wakandarasi wanajua kwamba jengo lina kipindi cha kurekebisha kasoro baada ya kukabidhiwa, na fundi anaitwa arudi. Kanuni haikuwa na kipindi hicho.

Tarehe 9 Novemba 2018, siku moja kabla ya muda kwisha, OSHA ilitoa marekebisho. Cheti kinaweza kuwa cha aina, au cha aina na uwezo. Na mwajiri lazima amfundishe mwendeshaji, amtathmini kwenye kreni atakayoiendesha kwa kazi atakayoifanya, kisha aiandike tathmini hiyo ahifadhi. Sharti hilo la kuandika lilianza tarehe 7 Februari 2019, karibu miaka 14 na miezi 7 tangu watu 23 wakubaliane na kuagana.